Mswada wa moto wa nyika ukiwekwa mezani kwako

Mwezi wangu wa kwanza kwenye kazi ya kuchambua miswada niliandika taarifa ya kurasa mbili nikiisifia sheria mpya: imeleta mitambo, imeleta wataalamu. Mkuu wangu aliisoma, akaniuliza swali moja tu: "Hela ziko wapi?" Hazikuwepo. Bunge la Marekani huidhinisha jambo kwa sheria moja na kulitengea fedha kwa nyingine, nami nilikuwa nimesoma ile ya kwanza tu.

Kwa hiyo ninyi mnaoanza, msikimbilie kurasa za mbele zenye maneno matamu. Chukueni sheria iliyosainiwa Machi 2019 na kupewa jina la mbunge John Dingell. Ni sheria nene ya ardhi na hifadhi, na ndani yake kimejibanza kifungu cha 1114 kuhusu teknolojia ya kukabili moto. Kinaagiza kwamba ndani ya miaka 2 uwepo mfumo wa kuonyesha vikosi vya wazimamoto viko wapi.

Ukitaka kujua uzito wa agizo hilo, kumbuka Yarnell, Arizona, tarehe 30 Juni 2013. Dhoruba ya radi ilikaribia, upepo ukageuka, moto ukageuka nao, na wazimamoto 19 wa kikosi kimoja wakafa. Utabiri haukukosekana, onyo la upepo lilikuwa limeshatolewa. Kilichokosekana ni mtu wa kujua kikosi kiko wapi. Ndege ya kumwaga dawa ya kuzuia moto ilikuwa angani, haijui imwage upande gani.

Sasa rudi kwenye kifungu, usome polepole. Utakuta "kwa kadiri fedha zitakavyopatikana". Utakuta "angalau" vikosi vilivyo chini ya timu za serikali kuu za daraja la 1, yaani zile zinazosimamia mioto mikubwa na migumu zaidi. Moto wa Yarnell ulisimamiwa na jimbo, chini ya timu ya daraja la 2. Kwa maneno mengine, kima cha chini cha sheria hiyo kisingewafikia wale 19. Nililiona hilo niliposoma mara ya tatu, na bado linaniudhi.

Fedha zikitajwa waziwazi, utajua tu. Sheria ya bajeti ya 2018 ilianzisha mfuko wa akiba wa kuzima moto, kuanzia dola bilioni 2.25 mwaka 2020, ili kuzima kusile bajeti ya kuzuia.

Kuhusu utabiri wenyewe, nina neno moja. Januari 2025 watabiri walionya mapema juu ya upepo wa Los Angeles, na walikuwa sahihi. Hata hivyo, magharibi mwa Altadena, mji ulio jirani na Los Angeles, amri ya kuhama ilifika saa kadhaa baada ya moto kuanza. Mswada ukiahidi setilaiti na kompyuta kubwa, mimi hutafuta kwanza anayepokea onyo saa nane za usiku, na kama ana mamlaka ya kuamuru watu waondoke. Mara nyingi hatajwi.