Mchoro wa waya wa gari la zamani: uchore upya, saketi moja ukurasa mmoja

Nina MGB ya mwaka 1966, gari dogo la michezo la Uingereza. Miaka miwili ya mwanzo, kila umeme ulipoleta matata nilifungua kitabu cha ufundi, nikautazama ule ukurasa wa mchoro wa waya, nikakifunga, kisha nikaanza kupapasa nyaya kwa kubahatisha. Gari zima lilibanwa kwenye ukurasa mmoja mweusi na mweupe, kuanzia betri hadi taa ya namba. Unaufuata waya kwa kidole, unapiga kona sita, unapita katikati ya mistari kumi na mitano inayofanana nao, na kabla hujafika kidole kimeshahamia mstari wa jirani. Vifaa navyo vimeandikwa namba, si majina, kwa hiyo kila mara unarudi pembeni kuuliza 24 ni nini.

Kilichonishikisha penseli ni taa za nyuma. Nikiwasha indiketa ya kushoto, yenyewe inawaka kivivu, taa ndogo ya nyuma ya upande huohuo inakonyeza pamoja nayo, na la ajabu zaidi, taa ya breki ya kulia nayo inamulika kwa mbali. Nilibadilisha balbu. Nikabadilisha flasha, kile kifaa kinachoifanya indiketa ikonyeze. Nikanunua na swichi ya indiketa, ingawa ile ya zamani haikuwa na kosa lolote.

Ndipo nikachukua karatasi tupu nikachora taa za nyuma peke yake, kama nilivyozikuta garini na si kama kitabu kilivyosema. Kitabu kilimpa kila balbu alama yake ya ethi (mahali waya unapofungwa kwenye bodi ili umeme urudi betri), kana kwamba kila moja ina njia yake ya kurudi. Kwenye gari, filamenti tatu (nyuzi zinazowaka ndani ya balbu) za upande wa kushoto (indiketa, breki na taa ndogo) zilikuwa zinategemea ethi moja, na hiyo ilikuwa imeliwa na kutu. Nilipozichora ndani ya kisanduku kimoja, zote zikishuka kwenye boliti moja, nikaicheka ile swichi mpya. Umeme wa indiketa ulikosa pa kutokea, ukapanda kinyume kupitia filamenti ya breki ya wati 21, ukafuata waya wa breki hadi upande wa pili, ukashukia kwenye ethi nzima ya kulia. Mwingine ulipitia filamenti ndogo ya wati 5. Kila ulipopita ukawasha kidogo. Dakika kumi za brashi ya waya zikamaliza kazi.

Tangu hapo nina kanuni moja ninayoisimamia kuliko zote: ethi ichorwe kama kifaa. Iwe na jina na mahali pake, na kila kinachoitegemea kionekane kinaishukia. Alama ndogo za ethi zilizotawanywa ukurasa mzima zinapendeza machoni, lakini zinaficha chanzo cha matatizo mengi ya gari lenye miaka sitini.

Mengine yanafuata hapo. Saketi moja, ukurasa mmoja. Upande wa moto, yaani unaoleta umeme, juu, ethi chini, na vifaa katikati kwa mpangilio ambao umeme unavipitia. Volkswagen walikuja kuchora hivi kwenye vitabu vyao, mistari ya wima yenye namba ikishuka hadi mstari wa ethi chini, na ukishaizoea hutaki kurudi kwenye ule utando wa buibui wa ukurasa mmoja. MGB yangu ni ya zama ambazo chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, kwa hiyo mtu mwenye kupenda ubishi atasema mwelekeo wa umeme kwenye mchoro wangu umegeuka. Sijali. Ninachotafuta ni mahali njia ilipokatika, na njia iliyokatika haina mwelekeo. Ila niliandika "CHANYA KWENYE BODI" kwa herufi kubwa juu ya kila ukurasa, maana redio au alteneta ikifungwa kinyume haisamehe.

Rangi zina lugha yake, jifunze hiyo kabla ya kuchora. Kwenye magari ya Uingereza yenye vifaa vya umeme vya kampuni ya Lucas, kahawia ni moto wa moja kwa moja kutoka betri, zambarau ni huohuo baada ya kupita fyuzi. Nyeupe ni moto unaopatikana ufunguo ukizungushwa, kijani ni huo baada ya fyuzi. Nyekundu ni taa ndogo, buluu ni taa kubwa, nyeusi ni ethi. Ukiyashika hayo, waya wa kijani wenye mstari wa zambarau unakueleza wenyewe kwamba unatoka kwenye fyuzi ya ufunguo. Kwa bahati huo ndio waya wa taa za breki. Kwenye magari ya Kijerumani usitegemee rangi, tegemea namba zilizogongwa kwenye vifaa: 30 ni betri, 15 ni ufunguo, 31 ni ethi, 50 ni stata. Ziandike kwenye mchoro vilevile zilivyo.

Kila waya uandikie herufi zake katika ncha zote mbili, hata kama umeupaka rangi. Printa huchanganya zambarau na kahawia, na wapo wanaume wengi tu wasiotofautisha nyekundu na kijani. Mimi nimebaki na herufi za kiwandani, N kwa kahawia na U kwa buluu, kwa sababu B ilishachukuliwa na nyeusi. Waya mweupe kwenye karatasi nyeupe ulinisumbua hadi nikaanza kuuchora kwa mistari miwili myembamba ya kijivu. Ukiwa garini usiamini rangi ya waya uliokaa juani au karibu na injini. Fungua tepu iliyofunga nyaya sentimita chache, ndani utaikuta rangi kama ilivyotoka kiwandani.

Fyuzi nazo zinastahili wino. Gari langu linazo mbili tu kwenye kisanduku, za ampea 35. Hiyo 35 ya Lucas ni kiwango cha kukatika. Mzigo wa kudumu ni ampea 17. Fyuzi nyingine huandikwa kwa mzigo inaoubeba bila kukatika, kwa hiyo ukiweka ya 35 ya aina hiyo umeupa waya ruhusa ya kuungua kwanza. Na taa kubwa hazipiti kwenye fyuzi yoyote. Nilimiliki gari hilo miaka miwili bila kulijua hilo, na mchoro uliokuwa mbele yangu muda wote ulilisema, kwa mnong'ono. Sasa kila waya usio na fyuzi nauchora mnene mara mbili ya wengine.

Mistari ikikutana na imeungana, weka nukta nene. Ikipishana tu, ipishane bila nukta. Usiunganishe nyaya nne kwenye nukta moja. Sogeza mmoja kando kidogo, maana karatasi ikipata grisi hutajua kama ni nukta au ni doa.

Andika mahali kitu kilipo kwa maneno ya mtu aliyelala chini ya gari. Betri zangu ni mbili za volti 6 zilizofuatana, nyuma ya viti, na kebo fupi inayoziunganisha nimeichora kama kifaa kamili kwa sababu imeshanikwamisha mara mbili. Kitabu kilionyesha alama moja ya betri, basi.

Penseli kwanza, kompyuta baadaye. Nyumbani natumia programu ya kuchora ya Inkscape kwa kuwa tabaka zake zinaniruhusu kuficha saketi nisizozihitaji. LibreOffice Draw inatosha kabisa, na QElectroTech ina alama za umeme tayari. Lakini usihamishe ukurasa kwenye kompyuta kabla hujautembeza garini na mita ya umeme: betri imefunguliwa, ncha moja hadi nyingine, tiki kwa kila waya. Mchoro wa kiwanda unaeleza gari lilivyotoka kiwandani, haujui kwamba mmiliki wa tatu alichomeka feni kwenye waya wa kijani. Vituko vya namna hiyo vichore pia, kwa rangi yake, na tarehe pembeni.

Kama hujawahi kuchora, anza na taa za breki. Fyuzi, swichi, waya mmoja unaogawanyika, balbu mbili, ethi mbili. Nusu saa inatosha, na sehemu kubwa ya hiyo nusu saa itaishia kwenye buti, tochi mdomoni, ukitafuta hizo ethi mbili zimefungwa wapi.