Ukienda Dovedale, wahi mawe

Mara ya kwanza nilipomsimulia mama kwa simu kwamba tumetembea kwa miguu kwa muda wa karibu saa tano, aliuliza, "Mlikuwa mnaenda kwa nani?" Nikamwambia hatukwenda kwa mtu, tulizunguka tu tukarudi palepale tulipoacha gari. Akanyamaza. "Basi poleni."

Tangu hapo sijakosa mwaka. Dovedale ni bonde la Mto Dove, ambao ni mpaka kati ya majimbo ya Derbyshire na Staffordshire, ndani ya Peak District, hifadhi ya taifa ya kwanza Uingereza, iliyotangazwa 1951. Usikie hifadhi ukadhani kuna tembo. Humo watu wanaishi na kulima, na mnyama utakayemwona sana ni kondoo. Sisi huenda mwishoni mwa Aprili au Mei, wanakondoo wakiwa bado wadogo.

Tunaanzia kijiji cha Ilam, tunakata malishoni hadi mtoni, kisha tunafuata maji kwenda juu mpaka Milldale. Kurudi tunapanda uwanda wa juu upande wa Stanshope na kuteremka tena Ilam.

Jambo la kushika ni saa ya kuanza. Chini ya kilima cha Thorpe Cloud kuna mawe ya kuvukia mto, na ndiyo yanayoleta watu wengi. Mwaka wa kwanza tulifika saa tano asubuhi, Jumamosi ya Pasaka. Foleni! Watu wa huku wanavuka, wa kule nao wanavuka, mnakutana katikati, mtu anataka picha. Mimi nilikuwa na raba nyeupe zilizokwisha soli. Kumpisha mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, mguu ukateleza, nikaingia majini hadi gotini. Maji ya mto huo mwezi wa nne hayana huruma. Siku hizi saa moja na nusu asubuhi tuko kwenye mawe, na tunavuka peke yetu. Kama usiku kulinyesha sana na maji yamefunika mawe, usijaribu. Rudi kwenye daraja la miguu karibu na maegesho, uvukie hapo.

Baada ya mawe njia hupita upande wa Derbyshire. Kuna ngazi za mawe za kupanda, na hapo ndipo watu huanguka: ni mawe ya chokaa yaliyosuguliwa na viatu vya miaka mingi, yakilowa yanakuwa kama sabuni. Vaa buti zenye meno. Ukishapita hapo, tembea taratibu. Utasikia harufu ya kitunguu saumu kabla hujakiona. Kinaota chenyewe chini ya miti, maua meupe tele, utadhani kuna mtu anakaanga. Tazama pia kwenye mawe katikati ya maji: kuna kindege cheusi chenye kidari cheupe, kinachuchumaa na kuinuka kama anayeanza kuswali, halafu kinazama na kutembea chini ya maji kutafuta wadudu. Mwanangu alikataa kuondoka hapo.

Jambo moja la kusikitisha: miti mingi ya bonde hili inakufa kwa ugonjwa wa kuvu, na wakati mwingine njia hufungwa ili ile hatari ikatwe. Ulizia kabla ya kutoka nyumbani.

Milldale ni kijiji kidogo mno, chenye daraja la mawe jembamba lililojengwa kwa ajili ya farasi wa mizigo. Tunakaa hapo na chupa ya chai na chapati zilizoviringishiwa mayai. Ule ushibe, kwa sababu mlima wa kutoka Milldale ni mkali na ndio unaowatoa watu pumzi.

Huko juu simu hupoteza mtandao, kwa hiyo beba ramani ya karatasi, ile ya Ordnance Survey yenye namba OL24. Utavuka kuta nyingi za mawe kwa ngazi au mianya myembamba. Kila geti uliache kama ulivyolikuta. Ukikuta ng'ombe wenye ndama, zunguka mbali, usipite kati ya mama na mtoto. Na mwenye mbwa, ng'ombe wakimfukuza, aiachie kamba ya mbwa, mbwa atajiokoa mwenyewe.

Soksi za pili ziache ndani ya gari, na mfuko wa plastiki wa kutia viatu, maana tope la malishoni halitoki kwenye zulia la gari. Nimejaribu.