Unaanza Saikolojia? Uliza Kwanza Walijuaje

Nimekaa na wanafunzi wengi wanaoanza saikolojia, na madaftari yao hufanana. Kurasa za mwanzo zina jedwali lililopigwa kwa rula: Wundt, 1879, James, 1890, Freud, 1900, Watson, 1913. Jedwali linakaririwa, linamwagwa kwenye mtihani, na muda si mrefu limeshayeyuka. Kisha inakuja sura ya mbinu za utafiti, ambayo karibu kila mtu anaichukia, na kazi ya kukariri inaanza upya: jaribio, hojaji, uwiano, uchunguzi kifani.

Ushauri wangu ni kuziunganisha sura hizo mbili tangu siku ya kwanza. Mikondo ya saikolojia ni ugomvi mrefu juu ya swali moja: wazo au hofu haionekani kwa macho, sasa inachunguzwaje? Kila mkondo ulizuka kwa sababu kuna watu waliochoshwa na jibu la wenzao. Ukiujua ugomvi wenyewe, majina na miaka vinajipanga karibu bila jasho.

Chukua Wilhelm Wundt. Mwaka 1879 alianzisha maabara ya saikolojia mjini Leipzig, Ujerumani. Watu walikuwa wametafakari kuhusu akili tangu enzi na enzi. Jipya alilolileta Wundt ni vifaa vya kupima muda na utaratibu unaoweza kurudiwa. Alimpa mtu mlio au mwanga, akapima kasi ya mwitikio wake, akamtaka aeleze alichohisi. Mwanafunzi wake Edward Titchener aliupeleka mtindo huo wa kujichungulia ndani hadi Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, akataka kuigawanya fahamu katika vipande vyake vidogo kabisa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Watafiti wa Würzburg, mji mwingine wa Ujerumani, walisema kuna mawazo yanayokuja bila taswira yoyote kichwani. Titchener akasema hakuna. Nani aamue? Kila mmoja alikuwa shahidi pekee wa kichwa chake mwenyewe.

Ukiwa na mkwamo huo mkononi, makala ya John B. Watson ya 1913 inaacha kuonekana kama ukaidi. Watson alitaka saikolojia iwe sayansi kama nyingine, yenye ushahidi ambao yeyote aliyepo chumbani anaweza kuuhakiki. Ivan Pavlov alikuwa ameshaonyesha njia: matone ya mate ya mbwa yanahesabika, na wewe na mimi tutapata idadi ileile. Baadaye B. F. Skinner akahesabu mara ambazo panya anabonyeza wenzo ili apate chakula. Mwanafunzi akiniambia kwamba wanautabia, yaani Watson na wenzake waliotaka kuchunguza tabia inayoonekana tu, “waliamini binadamu ni mashine”, humrudisha kwenye makala ya Watson. Ni fupi, inasomeka, na lalamiko lake kubwa ni kuhusu ushahidi. Isome mwenyewe kabla ya kusoma wanaomsimulia.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ile ambapo utabia unatikiswa kutoka ndani. Edward Tolman alikuwa mwanautabia, anafanya kazi na panya kama wenzake. Mwaka 1930, yeye na Honzik walichapisha jaribio lenye makundi matatu ya panya kwenye mzingile, yaani njia zenye vichochoro vya kupotea. Kundi la kwanza lilipata chakula kila lilipofika mwisho. La pili halikupata kitu. La tatu halikupata kitu kwa siku 10, halafu siku ya 11 chakula kikaanza kuwekwa. Makosa ya kundi hilo yakaporomoka ghafla, mpaka wakawa sawa na waliolishwa tangu mwanzo, au hata bora zaidi. Maana yake walikuwa wanajifunza njia siku zote zile bila thawabu, ila hawakuwa na sababu ya kuonyesha. Mwaka 1948 Tolman alisema panya ana kitu kama ramani kichwani.

Tazama kilichotokea hapo. Kitu kisichoonekana kimerudi kwenye saikolojia, lakini kimepitia mlango wa tabia inayohesabika. Saikolojia ya utambuzi, iliyoshika kasi miaka ya 1950, inafanya hivyo hadi leo: inapima sekunde na makosa, kisha inakisia kinachoendelea ndani. Saa ya Wundt ilirudi mezani, safari hii bila mtu kuulizwa anahisi nini.

Najua wengi mnakuja kwenye somo hili kwa ajili ya Sigmund Freud, daktari aliyedai kwamba tunaongozwa na mambo ya ndani tusiyoyafahamu. Msomeni, ana kalamu nzuri. Ila muulizeni swali lilelile: alijuaje? Ushahidi wake ulitoka kwenye maelezo ya wagonjwa wachache, wengi wao wa Vienna, yakifasiriwa na yeye mwenyewe. Katika kisa cha 1909 cha mtoto aliyeitwa Hans Mdogo, aliyeogopa farasi, sehemu kubwa ya habari ilimfikia Freud kupitia kwa baba wa mtoto, ambaye naye alikuwa mfuasi wake. Mgonjwa akikubali tafsiri, imethibitika. Akiikataa, anajilinda dhidi ya ukweli. Ni vigumu kuona matokeo gani yangeweza kuiangusha nadharia ya namna hiyo.

Hilo lisikufanye udharau uchunguzi kifani, yaani kumchunguza kwa kina mtu mmoja au wachache. Henry Molaison, ambaye vitabu vingi vinamwita H. M., alifanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1953 kutibu kifafa, na tangu siku hiyo hakuweza kuhifadhi kumbukumbu mpya za matukio. Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota akiitazama kwenye kioo tu. Siku baada ya siku makosa yalipungua, ingawa kila mara Molaison aliona kama hajawahi kuifanya kazi hiyo. Mtu mmoja alitosha kuonyesha kwamba kumbukumbu si ya aina moja. Lakini Milner alikuwa na kipimo, na kipimo hicho kingeweza kumpa jibu asilolitarajia.

Gestalti, mkondo uliosema tunaona vitu kwa ujumla wake na si kipande kwa kipande, naipita haraka; maabara zao zina picha nzuri na utazielewa bila mimi. Mkondo wa kiutu wa Maslow na Rogers nao huishia kwenye piramidi ya mahitaji ya binadamu inayochorwa kila mahali. Kinachosahaulika ni kwamba Carl Rogers alikuwa miongoni mwa wa kwanza kurekodi vikao vya ushauri nasaha na kuvichapisha ili wengine wavichunguze. Kwa mtazamo wangu hilo ni kubwa kuliko piramidi.

Sasa mbinu zenyewe. Kama muda wako ni mdogo, utumie kuelewa vizuri kitu kimoja: tofauti ya kuchagua washiriki kwa bahati nasibu na kuwagawa kwa bahati nasibu. Wanafunzi huchanganya hivi viwili kila mwaka. Kuchagua kunahusu nani ameingia kwenye utafiti, na kunakuambia matokeo yanaweza kusemwa juu ya kina nani. Kugawa kunahusu nani amepangiwa kundi lipi baada ya kuingia, na ndiko kunakokuruhusu kusema kitu kimoja kimesababisha kingine. Utafiti unaweza kuwa na kimoja ukakosa kingine, na ndivyo ilivyo mara nyingi.

Mfano ninaoutumia ni wa Elizabeth Loftus na John Palmer, 1974. Wanafunzi wa chuo walionyeshwa filamu za ajali za magari, wakaulizwa magari yalikuwa na kasi gani. Kitenzi cha swali kilibadilishwa. Walioulizwa kasi ya magari “yalipobamizana” walikadiria wastani wa maili 40.8 kwa saa. Walioulizwa kuhusu magari “yalipogusana” walisema 31.8. Katika jaribio la pili, washiriki walirudi baada ya wiki moja wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Filamu haikuwa na kioo kilichovunjika. Kati ya 50 waliosikia “yalipobamizana”, 16 walisema waliona; kati ya 50 waliosikia “yalipogongana”, ni 7.

Kigeu huru, yaani kile mtafiti anachokibadilisha, ni kitenzi. Kigeu tegemezi, yaani kile anachokipima, ni kasi iliyokadiriwa, na baadaye jibu kuhusu vioo. Kwa kuwa makundi yaligawanywa kwa bahati nasibu, tunaweza kusema kitenzi ndicho kilichosababisha tofauti. Je, tunaweza kusema hivyohivyo juu ya mzee aliyeshuhudia ajali halisi, ameshtuka, na anajua mahakama inamsubiri? Hapo jibu si rahisi, na mjadala wa namna hiyo ndio unaomtofautisha mwanafunzi aliyeelewa.

Tafiti mashuhuri zisome kwa tahadhari, maana umaarufu wake huficha mbinu. Kila mtu anajua kwamba katika jaribio la Stanley Milgram, ambapo washiriki waliamriwa kumpa mtu mwingine mishtuko ya umeme waliyodhani ni ya kweli, 26 kati ya 40 walifika volti 450. Wachache wanajua kwamba alirudia jaribio hilo kwa sura nyingi, na mtafiti alipotoa amri kwa simu badala ya kukaa chumbani, waliofika mwisho walikuwa karibu mmoja kati ya watano. Utafiti wenyewe uko kwenye tofauti hizo. Lile gereza la Stanford la 1971, ambapo wanafunzi waliigiza wafungwa na walinzi, nalo mimi silihesabu kama jaribio lililodhibitiwa: Philip Zimbardo alikuwa mtafiti na wakati huohuo mkuu wa gereza.

Na jua kwamba fani hii imejikagua yenyewe. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100, na takribani asilimia 36 tu ndizo zilizotoa tena matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelezeka kirahisi kwa bahati tu. Wapo wanafunzi wanaokata tamaa wakisikia hivyo. Mimi huwaambia wahesabu ni fani ngapi zimethubutu kujipima hadharani kiasi hicho.

Kuhusu namna ya kusoma, saikolojia ina jibu lake. Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliorudia kusoma matini walikumbuka zaidi baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki walioongoza ni wale waliofunga matini na kuandika wanachokumbuka. Kwa hiyo, kwa kila utafiti, funga kitabu uandike mistari mitano: walikuwa na swali gani, walibadilisha nini, walipima nini, walipata nini, na ni maelezo gani mengine yangeweza kuzaa matokeo yaleyale. Mstari wa tano ndio hubaki mtupu. Ukiwa mtupu, achana na muhtasari wa kitabu cha kiada, tafuta makala ya watafiti wenyewe, na usome kwanza sehemu inayoeleza walivyofanya.