Maswali Yenu: Nani aliongoza jeshi lililowashinda Warumi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Nimesoma madrasa tangu mdogo na Surat Rum naijua vizuri, ile inayosema Warumi wameshindwa katika nchi ya karibu na baada ya miaka michache watashinda. Ustadh alitwambia waliowashinda ni Waajemi, ila jemadari wao alikuwa nani na aliishia wapi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, umenifurahisha sana, maana huyu mtu hatajwi kabisa wakati habari yake ni nzito. Anaitwa Shahrbaraz. Hilo ni jina la cheo, maana yake nguruwe mwitu wa dola, na usishangae, kwa Waajemi wa enzi zile huyo mnyama alikuwa alama ya nguvu na ilikuwa heshima kubwa kuitwa hivyo.

Vita ilianza baada ya kaisari wa Warumi, Maurice, kuuawa mwaka 602. Maurice ndo alimsaidia Khosrow II wa Uajemi kurudishiwa ufalme wake, basi Khosrow akasema nakwenda kumlipizia. Shahrbaraz akachukua Damascus 613, Yerusalemu 614 akaondoka na ule Msalaba ambao Wakristo wanaamini Yesu alisulubiwa juu yake, ukapelekwa Uajemi, kufika 619 Alexandria nayo imeanguka, na Misri ndo ilikuwa inalisha Constantinople, mji mkuu wa hao Warumi, ngano, yaani ule mkate wa bure waliokuwa wanagawiwa watu wa mji ukasimama.

Sasa 626 akapiga kambi Chalcedon, ng'ambo tu ya Constantinople, leo yote hiyo ni Istanbul. Hebu jiweke pale. Mji unauona kwa macho, kuta unaziona, katikati ni mkono wa bahari, na wewe huna mashua hata moja! Upande wa pili wenzake Waavari, taifa la wapanda farasi kutoka Ulaya, wanapiga kuta, wakatuma mitumbwi ije iwavushe Waajemi, manowari za Warumi zikaizamisha yote. Jeshi lililotoka Uajemi mpaka Misri likabaki linaangalia maji.

Hapo ndo likaja la barua. Wanahistoria wa Kirumi wanasimulia kwamba Khosrow alimwandikia msaidizi wa Shahrbaraz amuue bosi wake arudi na jeshi, mjumbe akakamatwa njiani, Warumi wakamwonyesha Shahrbaraz mwenyewe, tena wakaongezea humo kwamba maofisa 400 wauawe pamoja naye. Akaisoma mbele ya maofisa wake, na kuanzia hapo hakuna aliyetaka kumpigania Khosrow tena. Mi naona hapa ndo Uajemi ilipovunjikia, maana Heraclius, kaisari wa Warumi wakati huo, aliposhinda pale Nineveh, Iraq ya leo, Desemba 627 jeshi la Shahrbaraz halikusogea. Ule ushindi wa Warumi uliousoma kwenye sura ndo huo.

Khosrow akauawa 628 kwa amri ya mwanae. 629 Shahrbaraz na Heraclius wakakaa wakapatana, na Aprili 630 akaingia Ctesiphon, mji mkuu wa Uajemi karibu na Baghdad ya leo, akamuua mfalme Ardashir III ambaye alikuwa mtoto mdogo kabisa, hilo mimi siwezi kumtetea hata kidogo, akakalia kiti yeye asiye na damu ya kifalme. Alikaa siku 40 hivi. Siku moja katoka na farasi wake, walinzi wamejipanga, wakamchoma mkuki, wakamfunga kamba mguuni wakamburuza, na kiti akapewa Boran, binti wa Khosrow yuleyule.