Imamu mzee anapumzika: mkabidhiane vipi? (jibu kwa katibu wa Lindi)

Waalaykumu salaam, ndugu katibu. Umesema imamu wenu amechoka na anataka kupumzika, ustadhi kijana yupo, na waumini wameshaanza kugawana mabaraza. Basi kabla ya kumjadili kijana, malizeni kwanza habari ya mali. Misikiti ya huku kwetu hugombana kwa maneno ya dini, lakini inayovunjika kabisa ni ile ambayo funguo, mikorosho na daftari havijulikani viko kwa nani.

Kaeni na mzee angali na kumbukumbu zake. Andikeni kiwanja kina karatasi gani na kwa jina la nani, mita ya umeme ya Luku imesajiliwa kwa nani, nani wanatia saini benki, spika na tangi la maji alitoa nani na kwa sharti gani. Nakala moja kamati, moja wadhamini, moja imamu. Kama wadhamini wenu wamesajiliwa RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini) na baadhi wameshatangulia mbele ya haki, pelekeni taarifa ya mabadiliko sasa, maana mtakwama siku mkifuata hati.

Mikorosho ya waqfu, yaani iliyotolewa wakfu kwa msikiti, ndiyo mtego mkubwa. Korosho huuzwa mnadani kupitia chama cha msingi cha ushirika, na malipo huingia kwenye akaunti ya aliyeandikishwa. Ikiwa ni imamu kwa jina lake, siku akifariki fedha zile zinahesabiwa mirathi, na watoto wake wataamini kwa nia njema kabisa kwamba shamba ni la baba. Waqfu hauuzwi wala haurithiwi, lakini benki inasoma jina tu. Rekebisheni usajili mapema. Minada ikishafunguliwa Oktoba hakuna wa kuwasikiliza.

Kukabidhiana kwenyewe msikufanye karibu na Ramadhani. Tarawehe peke yake ina ubishi wa kutosha. Anzeni baada ya Shawwal, kijana aswalishe Alasiri na Isha, mzee abaki na Alfajiri na hotuba ya Ijumaa. Baada ya miezi miwili mitatu apewe Alfajiri, na mimbari ije mwisho. Hapo kwenye Alfajiri ndipo penye moto: kunuti, ile dua ya kusimama katika rakaa ya pili. Waumini wamelelewa Kishafii, na imamu akiiacha asubuhi moja bila taarifa, kufikia adhuhuri mtaa mzima unajua. Muulizeni kabla, kwa maandishi: kunuti, bismillahi kwa sauti, uradi (nyiradi za pamoja) baada ya swala, maulidi. Asiyeyataka hayo anaweza kuwa mwalimu mzuri wa madrasa, lakini uimamu wa msikiti huo haumfai, na ni heri mjue mapema.

Maulidi msiyaguse mwaka wa kwanza. Wanaoyabeba ni akina mama, na wao ndio wanaochanga bila kukumbushwa. Kamati ikiamua bila kuwashirikisha, mchango utapungua na hamtaambiwa sababu.

Tangazo alitoe mzee mwenyewe, Ijumaa, baada ya swala watu wakiwa bado wamekaa. Msitume karatasi wala ujumbe wa WhatsApp. (Lindi inajua nguvu ya karatasi: mwaka 1908 "barua ya Makka", waraka uliodaiwa kutoka Makka ukiwaonya Waislamu, ilisomwa huku pwani na watawala wa Kijerumani wakakosa usingizi.) Shehe wa wilaya aalikwe siku hiyo kama shahidi. Mkimwita baada ya kufuli kubadilishwa, anakuja kama hakimu, na upande mmoja lazima utoke umenuna.

Posho ya mzee iendelee, na dua za matanga aachiwe akizitaka. Ndoa ni jambo jingine: leseni ya kufungisha ndoa ni ya mtu, haihami na uimamu. Mpaka kijana apate ya kwake, ndoa zifungishwe na mzee au shehe mwingine mwenye leseni, na kitabu cha vyeti kisikae nyumbani kwa kijana hata kwa siku moja.