Pombe, unga na maafa: maswali yenu ya wiki hii

*Tangu mafuriko yabebe nyumba yetu silali bila kunywa. Nimeshakuwa mlevi?*

Pole sana ndugu yangu. Hilo jina liache kwanza tuangalie huo usingizi wenyewe. Pombe inakuzimisha haraka ndo maana unaona inasaidia, ila ikianza kuisha mwilini usiku wa manane unashtuka, moyo unaenda mbio, na mvua ikigonga paa ndo basi tena mpaka asubuhi, kesho unaongeza kidogo, keshokutwa unaongeza tena. Anza kupunguza sasa hivi kabla mwili haujazoea, na usichanganye na vidonge vya usingizi hata siku moja maana vikikutana na pombe pumzi inashuka. Ukipita mwezi na ndoto za maji bado zinakuamsha, muone daktari, hiyo hali ina tiba yake.

*Mume wangu amekunywa kila siku kwa miaka. Hapa kambini pombe hakuna tangu jana, anatetemeka. Mama mkwe anasema afadhali, ataacha kwa lazima.*

Hapana dada, na hapa naomba usome taratibu. Mnywaji mkubwa wa kila siku akikatishiwa ghafla, arosto ya pombe, yaani mwili kudai kinywaji uliokizoea, inaweza kumuua kabisa. Inaanza masaa 6 mpaka 24 baada ya kinywaji cha mwisho, jasho, kutapika, hawezi kutulia. Degedege ikija mara nyingi inakuja ndani ya masaa 48, halafu siku ya 2 mpaka ya 4 wengine wanachanganyikiwa, anapangusa wadudu kwenye blanketi na wadudu hawapo. Akishindwa kushika kikombe bila kujimwagia usingoje kuche, mpelekeni kwa wahudumu wa afya na mseme ukweli anakunywa kiasi gani na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi, mkificha kwa aibu mnawafunga mikono. Dawa za kumtuliza zipo, na watampa vitamini B1. Mama mkwe anamtakia mema mwanawe, mwelewesheni kwa upole tu kwamba kuacha ataacha, ila chini ya uangalizi.

*Niko kwenye methadoni, dawa ya kuachia heroini, kliniki imebomoka na tetemeko, leo siku ya 4 bila dozi. Kuna jamaa ana unga, heroini yenyewe.*

Najua mifupa inavyouma saa hizi na sikulaumu kwa kuwaza. Lakini mwili wako umeshapunguza uzoefu, kipimo ulichokuwa unakimudu zamani leo kinaweza kukuzimisha pumzi. Watu wa methadoni walikwama hivi hivi baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005 kule Marekani. Nenda kituo chochote cha afya na kadi yako au hata chupa ya dawa, waambie umekosa siku ngapi, na wakikuanzishia dozi ndogo usigombane nao, wanakulinda. Na kama utateleza, nakuomba, usiwe peke yako, na naloksoni, dawa ya kumrudishia pumzi aliyezidisha unga, iwe karibu.

*Miaka 5 sijagusa pombe. Jana, baada ya mazishi ya kaka, nilikunywa. Nimerudi sifuri?*

Hujarudi sifuri. Pole kwa kaka. Leo usinywe, na kabla giza halijaingia mpigie yule aliyekushika mkono mwaka wa kwanza, umwambie yote.