Vidudu vyeusi kwenye maharagi: anza na sisimizi

Dada wa mtaa wa Himbi, unasema maharagi yako nyuma ya nyumba yamejaa vidudu vyeusi, umemwaga majivu na havikwisha. Hao ni vidukari. Geuza jani: wamejipanga chini yake, wananyonya maji ya mmea, na majivu uliyorushia juu hayawafikii.

Angalia pia shina. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka, ndio walinzi wao. Vidukari hutoa maji matamu, sisimizi wanayalamba, na kwa hiyo wanafukuza wadudu wanaokula vidukari. Majivu makavu ya makala yazungushe chini ya shina, sisimizi wasipande. Mvua ikinyesha, rudia. Hapa Goma utarudia sana, pole.

Kisha kwangua sabuni ya kipande, kijiko kimoja kwa lita 1 ya maji, nyunyiza jioni chini ya majani hadi maji yadondoke. Jaribu jani moja kwanza. Asubuhi suuza kwa maji matupu. Rudia baada ya siku 4 au 5. Ncha zilizojikunja kata tu.

Maji ya tumbaku usithubutu: ni sumu, na majani ya maharagi unayapika.